Mpanga Herufi na Kisa cha Kija

Antoni Masalu alikuwa mtu wa hasira, na katika mji wa Mwanza, miaka ile ya kabla ya vita vya Hitla, hapakuwa na mtu aliyemjua akabisha. Hakupiga watu, hakulewa, wala hakuwa mtukanaji. Hasira yake ilikaa tayani. Aliuma meno mpaka mshipa wa shingo ukasimama, kisha akaendelea na kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kupanga herufi katika duka la chapa la Ramesh, Mgujarati mwembamba mwenye miwani, aliyechapa risiti za wenye maduka, kadi za harusi, matangazo ya serikali na, kila mwezi, gazeti la misheni moja lenye kurasa nane. Kutwa Masalu alisimama mbele ya kasha la vyumba vidogo vidogo, akiokota herufi za risasi moja moja na kuzipanga kinyumenyume katika kibati alichokishika mkono wa kushoto. Kasha lilitoka Bombay, nalo lilikuwa limejazwa kwa ajili ya Kiingereza. Lilikuwa na "e" za kumwaga, lakini "a" zilikuwa chache, na Kiswahili hakiendi hatua mbili bila "a". Ukurasa mmoja ukishapangwa, chumba cha "a" kilibaki kitupu. Ilibidi ukurasa uchapwe, ufumuliwe, herufi zirudishwe mahali pake, ndipo wa pili uanze.

Gazeti lile la misheni lilikuwa na hadithi kila toleo, na Masalu ndiye aliyezipanga kwa miaka tisa. Mtu anayepanga hadithi herufi kwa herufi huifahamu kuliko hata aliyeiandika. Masalu alijua pale mwandishi alipochoka, pale alipodanganya, na pale alipojaza maneno ili ukurasa utimie. Hadithi nyingi zilianza na jua kuchomoza, ndege kulia na umande kumeta juu ya majani, naye, vidole vikimuuma, alingoja mtu atokee. Nyingine zilikuwa na watu kumi na wawili pale ambapo wawili wangetosha. Nyingine zilikwisha katikati, lakini mwandishi akaendelea nusu ukurasa zaidi, akimweleza msomaji ajifunze nini. Hapo Masalu aliona kama ameibiwa. Siku moja Ramesh alimkuta akinung'unikia aya ya mwisho ya hadithi ya padri, akamkumbusha kwamba kazi yake ni kupanga, si kuhukumu.

Masalu alikuwa na dada mmoja, Kija, aliyemfuata kuzaliwa. Kija aliolewa na Chenge, mkulima wa pamba nyuma ya Busisi, ng'ambo ya ghuba. Mwezi wa Machi mwaka 1936 mimba yake ya tatu ilikaa vibaya. Mkunga aliona damu, akasema apelekwe hospitali ya Mwanza siku hiyo hiyo. Chenge na jirani zake watatu wakambeba kwa machela tangu alfajiri mpaka ufukweni. Mashua kubwa ya kuvusha ilikuwa pale pale, imefungwa kwenye gogo, haina kitu ndani. Lakini serangi wake, yaani mwongoza mashua, mtu aliyeitwa Ngosha, alikuwa ameagizwa asiondoke. Mzungu mmoja alikuwa njiani na motokaa yake akitokea upande wa Geita, na hakutaka kufika akakuta mashua iko Kigongo, upande wa Mwanza. Wenye mitumbwi walikataa kutoka, maana upepo wa siku ile ulikuwa umekwisha kuzamisha mmoja wao. Wakangoja. Bwana alifika alasiri. Motokaa ikapandishwa, wakapandishwa mbwa wawili, vikapandishwa viti vya kukunja. Machela haikupandishwa. Mashua iliporudi, Kija alikuwa amekufa, na mtoto wake tumboni.

Masalu alizipata habari siku ya tatu, dukani, kutoka kwa mtu aliyekuja kuchukua kadi za harusi. Aliweka kibati chake chini, akaenda Kigongo kwa miguu, akavuka kwa mashua ile ile. Katika kuvuka alimhoji kila aliyekuwapo siku ile, isipokuwa Ngosha, ambaye alipomwona Masalu alikaa mbali, upande wa usukani. Matangani alimkuta Chenge amekaa chini, ameegemea ukuta. Masalu alitaka mtu wa kumkasirikia, na bwana wa motokaa hakuwapo. Basi alimwambia shemeji yake mbele ya wazee wote kwamba mwanamume mwenye mikono miwili angefungua kamba ya mashua. Chenge aliinuka akatoka nje, wala hakurudi mpaka Masalu alipoondoka. Tangu siku ile hawakusemezana.

Mwaka uliofuata likaletwa dukani tangazo la kuchapwa. Ofisi ya elimu ilitaka kutoa kitabu cha kusomea mashuleni, na wenyeji wa nchi za ziwani waliombwa kuleta hadithi fupi za mambo ya kwao. Masalu alilipanga tangazo mwenyewe. Alipofika kwenye maneno "hadithi fupi" mkono wake ulisimama hewani, na Ramesh akamwuliza kama anaumwa.

Jumapili tatu aliandika. Alijaza daftari zima la shule, kurasa kumi na moja pande zote mbili, kisha akamsomea mkewe uani kwao Kirumba. Getruda alikuwa mtu wa Nansio, Ukerewe. Hakujua kusoma, lakini kwao walikaa kusimuliana tangu mtu anapopata akili, na alijua kusikiliza. Alikuwa akichambua dagaa kwenye ungo, akaendelea kuchambua mpaka neno la mwisho. Daftari lile lilianza na Waingereza kuiteka nchi, likaingia baba yao, mzee Masalu, aliyechukuliwa upagazi katika vita vya Wadachi asirudi, likaja kwenye pamba, viboko na kodi, na ukurasa wa tisa ndipo mashua ilipotokea. Neno "katili" lilikuwamo mara kumi na nane.

Getruda akaweka ungo chini. "Baba Odeta, Kija yuko wapi humu?"

"Yumo. Hukusikia?"

"Nimekusikia wewe. Umesimama mbele yangu unafoka, na kila nikitaka kumtazama Kija, unanikinga."

Masalu hakula siku ile. Alitoka akatembea mpaka kwenye majabali ya ufukweni, akakaa huko akiwa na neno la mkewe kama mwiba wa samaki kooni. Alimkasirikia kwa sababu alisema kweli. Jioni alirudi, akalichukua daftari, akaanza kufuta.

Alifuta Waingereza. Kumfuta baba yake kulimuuma, akamfuta hata hivyo, maana hiyo ilikuwa hadithi nyingine nayo ingepata siku yake. Alifuta utoto wa Kija, harusi ya Kija, na ng'ombe waliotolewa. Alijiuliza swali ambalo alikuwa akiwauliza kimoyomoyo waandishi wa gazeti kwa miaka tisa: mtu huyu anataka nini leo? Kija alitaka kuvuka. Basi hadithi ianzie ufukweni, machela imekwisha kutuliwa mchangani, mashua iko mbele ya macho, na ikome pale ambapo kuvuka hakuna maana tena. Kila aya aliipima: inamsogeza Kija karibu na mashua au inamweka mbali? Isiyofanya lolote, ikatoka. Jirani watatu aliwafanya mmoja. "Katili" zote kumi na nane alizitoa, na mahali pake akaweka viti vya kukunja. Aliandika jinsi vilivyopakiwa kimoja kimoja, vinne, na kila kimoja kikatafutiwa mahali pasipopata maji. Alipomaliza sehemu hiyo, hapakuwa na neno hata moja la hasira ndani yake.

Kija mwenyewe alimnyamazisha. Alimlaza kwenye machela akitazama mashua, asiseme kitu tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa Masalu aliona kimya kingechoma kuliko kelele. Mwisho aliuandika mara nyingi. Mashua inarudi Busisi haina kitu, serangi anaita wanaotaka kuvuka wapande, na hakuna anayepanda. Basi. Hakueleza nani kafa. Hadithi yote ilitimia ukurasa mmoja, kwa "a" zilizokuwamo katika kasha la Ramesh. Alimsomea Getruda, na safari hii Getruda aliacha dagaa mpaka paka akapata.

Baada ya miezi miwili aliitwa. Aliyemwita alikuwa Mwalimu Venant, kijana wa miaka ishirini na tano hivi, kaptula ya khaki iliyopigwa pasi, soksi ndefu, aliyewekwa na ofisi ya elimu kukusanya hadithi na kuzinyoosha. Alimkaribisha Masalu kiti, akamsifu kwa Kiswahili chake safi, kisha akamfungulia daftari lake la chuoni na kumfundisha. Hadithi, alisema, ni kama nyumba. Kwanza kiwanja, yaani mahali na hali ya hewa. Pili kuta, yaani watu, mwema na mbaya. Tatu shida. Nne paa, yaani fundisho. Ya Masalu haina kiwanja na haina paa. Mtoto wa shule akiisoma atajifunza nini?

Masalu alimwambia kwamba watoto wa shule wana akili, watajua wenyewe cha kujifunza. Venant akatabasamu, akasogeza mbele karatasi nyingine iliyopigwa taipu. Wakubwa wameipenda sana hadithi, alisema. Wameomba jambo dogo tu, mwisho ubadilike. Bwana anashuka katika motokaa, anamwona mwanamke, anasikitika. Anaamuru viti vitupwe, anampakia mgonjwa, na mtoto anazaliwa salama Mwanza.

"Hakufanya hivyo," Masalu alisema.

"Ni hadithi, bwana Masalu. Katika hadithi tunaweza."

"Kija alikufa. Ukimfufua mimi nitamzika mara ngapi?"

Venant alitazama mlangoni kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye hakuubuni mwisho ule. Ameletewa. Ana mama na wadogo watano nyuma yake, na kazi hii ameipata mwaka huu. Kwa dakika moja Masalu alimwonea huruma, na huruma ile ikamwongezea hasira. Alidai arudishiwe karatasi yake. Venant akamjibu kwamba kilichokwisha kupokewa ni mali ya ofisi.

Masalu alirudi dukani akapanga risiti za muuza vitambaa. Alifikiri kukataa kwake kumetosha.

Vitabu vilichapwa Dar es Salaam, vikaja kwa treni mwaka 1938, na kila shule ikapata mafungu yake. Odeta, binti wa Masalu, aliyekuwa darasa la nne, alikuja na kimoja nyumbani ili ajizoeze kusoma kwa sauti. Alikaa kizingitini akasoma, kidole kikifuata mistari. Hadithi iliitwa "Bwana Mwema wa Busisi". Ilianza na jua kuchomoza na ndege kulia. Masalu alikuwa ameinama akishona kiatu, akaitambua mashua kabla Odeta hajafika kwenye jina la Kija. Viti vinne vilikuwamo. Bwana akashuka, machozi yakamlengalenga, viti vikatupwa ziwani. Mtoto akazaliwa, akapewa jina la bwana, na aya nzima ya mwisho iliwahimiza wasomaji kuwatii wakubwa wao, maana wanawatakia heri. Chini kabisa liliandikwa jina la Mwalimu Venant.

"Baba," Odeta alisema, "huyu mama naye anaitwa Kija kama shangazi. Lakini huyu alipona."

Masalu alikichukua kitabu mkononi mwa mtoto, taratibu, akakifunga. Alivaa kiatu kile kile alichokuwa akishona, sindano ikining'inia kwenye uzi, akaenda mpaka nyumbani kwa Venant. Alikuta familia nyingine. Mwalimu amepandishwa cheo, wakamwambia, amehamia Tabora tangu mwezi wa pili. Masalu alisimama pale uani kwa watu muda mrefu. Hasira yote aliyokuja nayo haikuwa na mtu wa kuipokea, na wenye nyumba wakaanza kuwaita watoto wao waingie ndani.

Mwaka ule, sikukuu ya taa ya Wahindu ilipofika, Ramesh alifunga duka siku tatu kama desturi, akamwachia Masalu ufunguo asafishe mashine. Masalu aliisafisha asubuhi. Kisha akatoa karatasi alizozinunua mwenyewe, akapanga kisa cha Kija mchana kweupe, mlango wazi nusu kwa ajili ya hewa. Aliporudisha mkono kwenye chumba cha "a" mara ya mwisho, zilikuwa zimebaki saba. Alichapa karatasi mia mbili akazitundika kwenye kamba zikauke.

Alasiri Ramesh akatokea, nguo mpya, ameshika sahani ya ladu iliyofunikwa kitambaa, maana kila mwaka mkewe alimpelekea mfanyakazi wake utamu wa sikukuu. Alizitazama karatasi kambani. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma moja mpaka mwisho akiwa amesimama. Kisha Ramesh aliuliza kama chini ya karatasi kuna jina la duka. Masalu alisema hakuna. Ramesh akaweka sahani juu ya meza.

"Mimi nilileta ladu," alisema, "nikakuta mlango umefungwa, nikarudi."

Masalu alizigawa siku ya gulio, Kigongo, kwa kila anayepanda mashua na kila anayeshuka. Wasiojua kusoma walizichukua kwa ajili ya wanaojua. Zilivuka Busisi, zikaingia vijijini ndani ya vikapu vya mihogo. Wiki haikuisha, askari wakafika dukani. Karatasi haikuwa na jina, lakini herufi "g" ya kasha la Ramesh ilikuwa na mkia uliovunjika, na "g" hiyo hiyo ilikuwa katika kila tangazo ambalo boma lenyewe lilichapisha pale. Masalu hakumngoja Ramesh ahojiwe. Alisema ni yeye, peke yake, na hakuna mwingine aliyejua. Wakamweka ndani siku nne. Aliulizwa ni chama gani kilichomtuma, akajibu ametumwa na dada yake, na jibu hilo likamletea kofi. Walipoona hakuna chama nyuma yake walimwachia kwa onyo. Ramesh alimngojea nje ya duka. Alimwambia kwamba serikali imetishia kuondoa kazi zake zote, kwa hiyo asije tena. Hakumtazama usoni alipolisema hilo, na Masalu hakumsalimu tena mpaka alipohama mji.

Getruda akakata shauri warudi kwao Nansio, kuna shamba na kuna ndugu. Walikuwa wakifunga vyombo vyao asubuhi moja pale Kirumba, ndipo mtu alipobisha hodi uani. Alikuwa Chenge. Amekonda, nywele zimeingia mvi kabla ya wakati wake, na katika mfuko wa shati ametia karatasi iliyokunjwa mara nne. Getruda alimkaribisha, akamletea maji ya kunywa, na bila kuambiwa akamtuma Odeta kwa jirani. Masalu akakaa juu ya kasha la vyombo.

Chenge aliifungua karatasi akailaza gotini. "Nimesomewa na katekista," alisema. "Nimemwambia arudie. Shemeji, mashua ni ile. Upepo ni ule. Viti vilikuwa vinne kweli. Lakini huyu mwanamke uliyemlaza kwenye machela, mimi simjui."

"Ni Kija."

"Kija alinyamaza lini maishani mwake? Umemsahau dada yako?"

Masalu alikuwa ameifuta hasira katika kisa kile, aya kwa aya, akiamini ni yake peke yake.

Chenge akasimulia polepole, kwa kuwa hakuwa amemsimulia mtu. Bwana alipofika alikuwa na askari wawili. Jirani watatu walipowaona askari waliogopa, wakarudi nyuma, na machela ilikuwa imekwisha kuinuliwa tayari kupandishwa. Akabaki yeye amekamata kichwani na mzee mmoja asiyemjua amekamata miguuni. Hiyo mikono miwili, alisema bila kuinua sauti, ilikuwa imeshika miti ya machela. Angeiachia kufungua kamba, Kija angeanguka mchangani. Masalu aliinamisha kichwa. Aliomba radhi, kwa maneno machache, na Chenge akayapokea kwa kutikisa kichwa mara moja na kuendelea, kwa sababu hakuja kwa ajili hiyo.

Kija alijiinua kwa kiwiko. Akamwita yule bwana, akasema naye kwa Kisukuma, sauti ikasikika ufukwe mzima. Alimwambia kwamba na yeye alitoka katika tumbo la mwanamke. Kama mama yake siku ile angemkuta ufukweni mtu mwenye roho kama ya mwanawe, yeye asingezaliwa akaja hapa kuzuia mashua. Alimwambia avuke, lakini ziwa limtazame vizuri na kumjua. Alimtajia jina lake mwenyewe na la baba yake, ili asije akasema hakujua ni nani. Watu wote walitazama chini, na kwa aibu ile hakuna aliyemwambia Masalu alipowahoji.

"Bwana hakuelewa," Chenge alisema. "Akamgeukia Ngosha, akamwuliza mwanamke anasema nini."

"Ngosha akasema nini?"

"Akasema, anakusalimu, bwana."

Getruda, aliyekuwa amesimama mlangoni, alijishika mdomo.

"Na bwana?"

"Akainua kofia. Hivi." Chenge alinyanyua mkono wake mtupu juu ya kichwa, akaushusha. "Kisha akapanda."

Masalu alikuwa akimwona Ngosha moyoni, amekaa mbali upande wa usukani, siku ile ya kuvuka kwenda matangani. Kati ya watu wote waliokuwapo, huyo ndiye aliyemwacha bila kumhoji. Alijikasirikia kuliko alivyowahi kumkasirikia Venant. Aliinuka, akaanza kufungua kasha ambalo wamelifunga asubuhi nzima, akitupa masufuria na nguo sakafuni, mpaka akapata daftari na penseli. Akamwomba Chenge aanze upya, tangu machela ilipotuliwa, na asiruke neno. Aliuliza kofia ilikuwa ya rangi gani. Nyeupe, Chenge alisema. Aliuliza Kija aliposema alimtazama nani. Siku hiyo mashua ya kwenda Nansio iliwaacha.

Walihamia Ukerewe juma lililofuata. Vita vikaja, karatasi zikaadimika, na Masalu hakuwahi tena kushika herufi za risasi. Alilima mihogo, aliwaandikia watu barua, na baadaye vijana walimjia kufundishwa kuandika. Alikuwa mwalimu mgumu. Mtu akimletea kisa, alikata mwanzo wote kwa penseli mpaka afike pale mtu anapotaka kitu. Akikuta aya ya maonyo mwishoni, aliikunja karatasi hapo hapo na kuichana kwa ukucha, mbele ya mwandishi. Wengine walilia. Aliwaambia wote waende kwanza kumwuliza yule waliyemwogopa kumwuliza, ndipo warudi.

Kisa cha Kija alikiandika upya kwa mkono, na Odeta akakinakili mara nyingi kwa wino wa kuchemsha nyumbani. Kilisomwa gatini Nansio siku ambazo mashua ya Mwanza ilichelewa, na watu wasio na la kufanya walikaa juu ya mizigo yao kusikiliza. Kisa kilikomea kwenye kofia. Kila mara, serangi alipotamka "anakusalimu, bwana", watu waliangua kicheko, kisha kikakatika ghafla, mmoja baada ya mwingine, kadiri walivyoelewa. Masalu alizoea kusimama nyuma yao, mikono ameiweka mgongoni, akisikiliza ni wapi kicheko kinakatika.